Mahindi ya nani? Kisa cha magunia 600 yaliyochanganywa ghalani

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa nafaka Tanzania bara, pembezoni mwa barabara kuu. Majina, mji na msimu nimeviondoa, na wahusika nawaita kwa nafasi zao tu. Niliitwa kusuluhisha wakati pande zote zilikuwa zimeshaacha kusalimiana. Ninakiandika kwa sababu kiini chake kinawagusa watu wengi wanaoweka mzigo kwenye ghala la mtu: kuna mali ambayo ukiitoa unadai ileile irudi, na kuna mali ambayo ukiitoa unadai mfano wake tu. Kiswahili kinalijua jambo hili tangu zamani. Sufuria ya jirani unaiazima, na jioni unarudisha sufuria ileile. Unga unaukopa, kwa sababu kibaba ulichochukua kimeshaliwa na utarudisha kibaba kingine. Ugomvi wote wa ghala lile ulizaliwa hapo, kwenye kutojua mahindi yamewekwa kwa njia ipi kati ya hizo mbili.

Usuli

Ghala lilikuwa la mtu binafsi, bila leseni ya mfumo wa stakabadhi za ghala. Mwenye ghala alikuwa na sifa nzuri, mizani iliyokaguliwa na daftari la nakala mbili. Baada ya mavuno alipokea mizigo mitatu.

Mzee, mkulima, alileta magunia 120. Aliyashona kwa uzi mwekundu wa sufu na kila gunia alilipiga alama ya rangi ya bluu. Manne kati ya hayo yalikuwa mbegu: mahindi meupe ya kienyeji aliyoyachagua kibunzi kwa kibunzi miaka mingi.

Kikundi cha wakulima kilileta magunia 180, na Mama, mfanyabiashara aliyenunua mashambani, akaleta 300. Yote yalipimwa kilo 100 kwa gunia bila lumbesa, kwa hiyo ghalani zilikuwepo tani 60 kamili. Kila mmoja alipewa karatasi yenye tarehe, idadi, sahihi na neno moja: mahindi. Hakuna aliyeandikiwa daraja la ubora wala unyevu, na karatasi haikusema kama mwenye ghala anaruhusiwa kuchanganya. Alama za Mzee hazikutajwa, wala zile gunia nne za mbegu, ingawa Mzee alizitaja kwa mdomo wakati wachukuzi wakizipanga.

Mtu wa nne, Mnunuzi wa jijini, hakuleta kitu. Yeye alimlipa Mama fedha zote za magunia 200 “yaliyoko ghalani”, akapewa risiti, akasema lori litakuja mwezi unaofuata. Hakuna gunia lililotengwa kwa jina lake.

Yaliyotokea

Wiki ya sita, wachukuzi walipoingiza mkono kwenye magunia ya upande wa Mama walihisi joto. Kwenye mshono kulikuwa na vumbi la unga, na dumuzi walishaanza kazi. Mwenye ghala aliwapigia simu Mama na kiongozi wa Kikundi, wote wakamwambia afanye anavyoweza kuyaokoa. Mzee hakupigiwa. Mwenye ghala alinieleza baadaye kwamba simu ya Mzee haikupatikana na mvua ilikuwa inakaribia.

Kwa siku tatu magunia yote yalifunguliwa, mahindi yakamwagwa kwenye maturubai, yakaanikwa, yakapepetwa, yakatiwa dawa ya kuhifadhia nafaka na kujazwa kwenye magunia mapya. Palikuwa na lundo moja tu, ambalo nimeliona kwenye picha ya simu ya kijana mmoja: kilima cheupe, na juu yake mtu amesimama na koleo. Uzi mwekundu wa Mzee uko pembeni, umefungwa kama mzigo wa kuni pamoja na magunia ya zamani. Mizani ilisoma kilo 58,800. Kilo 1,200 zilikuwa zimeondoka na unyevu, pumba na vumbi.

Mpaka hapo kosa lilikuwa la kutoa taarifa, na lingezungumzika. Wiki mbili baadaye mwenye ghala alibanwa na deni la lori, akauza magunia 138 kwa shilingi 55,000 kila moja. Alikusudia, kwa maneno yake, kuyarudisha kabla hajaulizwa. Bei ikapanda. Siku Mnunuzi alipoleta lori, magunia yalihesabiwa yakawa 450.

Mnunuzi alisema 200 ni yake, ameshalipa, apakie. Mama alisema yeye ana mzigo mkubwa kuliko wote, achukue 300 zake kwanza na wengine wadaiane na mwenye ghala. Kikundi kilikwenda kutafuta polisi. Mzee alizunguka ghala lote akitafuta rangi ya bluu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, kabla ya hoja yoyote ya sheria, ulikuwa kufunga ghala kwa kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa Kikundi, mwingine kwa Mama. Kama lori la kwanza lingepakia, wa mwisho angebaki na hasara ya wote. Mlango wa polisi tuliuacha wazi. Kuuza mzigo wa amana ni jambo zito, na mwenye ghala alielewa kwamba anakaa kwenye mkeka wa usuluhishi kwa hiari ya waliomkabidhi mali.

Swali la pili lilikuwa hili: baada ya kuchanganywa, je, bado kuna mali ya Mzee mle ndani? Mwenye ghala alidai kwamba, kwa kuwa magunia hayatambuliki tena, wote sasa wanamdai yeye tu. Hilo halikuwa sawa. Mahakama ya Uingereza ililijibu mwaka 1868, katika kesi ya Spence dhidi ya Union Marine Insurance. Marobota ya pamba ya watu mbalimbali yalipatwa na ajali ya meli na maji yakafuta alama, na ikaamuliwa kwamba wenye pamba wanamiliki kwa pamoja yaliyobaki, kila mmoja kwa kadiri ya alichopakia. Alama ikifutika bila mwenye mali kutaka, umiliki unabadilika sura tu: kutoka magunia yangu yale pale hadi fungu langu katika lundo hili. Mzee alilielewa haraka kuliko sisi. “Kwa hiyo ni kama shamba la urithi lisilogawanywa,” akasema. Ndivyo hasa.

Hapo tukakataa hoja ya Mama ya kuchukua 300. Mwenye fungu kubwa hana haki ya kutangulia, na upungufu unamla kila mmoja kwa fungu lake.

Swali la tatu lilichukua saa tatu: zile kilo 1,200 zilizopotea juani ni za nani? Mzee aliamini hazimhusu hata punje, maana yake yalikuja makavu. Akatoa kwenye mfuko chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, akatia mahindi aliyoyabakiza nyumbani kutoka mavuno yaleyale, akaongeza chumvi kavu na kuitikisa mbele yetu. Chumvi ilishuka chini yote, kuta za chupa zikabaki safi. Unyevu ukizidi asilimia 15 hivi, chumvi huganda kwenye kioo. Wachukuzi walithibitisha kwamba joto lilikuwa upande wa Mama na kwenye baadhi ya magunia ya Kikundi. Mama mwenyewe, na hapa nampa heshima yake, alifungua daftari lake likaonyesha aliyanunua kwa bei ya mahindi mabichi.

Tukaamua hasara ya kukausha ibebwe na Mama (magunia 7.5) na Kikundi (4.5), kwa uwiano wa mizigo yao. Mafungu yakawa Mzee 120, Mama 292.5, Kikundi 175.5, jumla 588. Yaliyopo ni 450, kwa hiyo baada ya kukamilisha sehemu za gunia kwa maelewano Mzee alipata 92, Mama 224 na Kikundi 134. Kama tungegawa bila kujali ukavu, Mzee angepata 90. Saa tatu kwa magunia mawili! Lakini bila saa zile tatu Mzee asingeweka sahihi, na mimi ningekuwa upande wake.

Swali la nne lilimhusu Mnunuzi, na ndiyo habari aliyoipokea kwa uchungu kuliko wote. Alikuwa amelipa, ana risiti, na bado hakuwa na hata gunia moja la kwake mle ghalani. Sheria ya mauziano ya bidhaa tuliyonayo inafuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893: umiliki wa bidhaa isiyobainishwa, yaani isiyotengwa kwa ajili yake, hauhamii kwa mnunuzi mpaka ibainishwe. Mwaka 1927 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua hivyohivyo katika shauri la Wait. Mfanyabiashara huyo alinunua tani 1,000 za ngano iliyokuwa ikisafirishwa kutoka Oregon, akauza tani 500 kwa wengine, wakalipa, naye akafilisika kabla ngano haijagawanywa. Waliolipa waliambiwa hawana ngano, wana deni dhidi ya mfilisika. Uingereza ilirekebisha hali hiyo mwaka 1995, na tangu hapo anayelipia sehemu ya shehena inayojulikana anakuwa mmiliki mwenza wa shehena hiyo.

Mnunuzi basi alipaswa kumdai Mama, si ghala. Mama akaona mwanya: bei imepanda, arudishe fedha na mambo yaishe, kwa kuwa “mahindi niliyomuuzia yamepotea.” Hapana. Hakumuuzia gunia hili wala lile. Alimuuzia 200 kutoka mzigo uliokuwa ghalani, na fungu lake lilikuwa bado 224. Kama moto ungeteketeza ghala lote, angekuwa na la kujitetea. Maadamu magunia ya kutosha yapo, ahadi ipo.

Swali la mwisho lilikuwa deni la mwenye ghala. Aliweka mezani shilingi 7,590,000, yaani bei aliyouzia yale 138. Siku ile gunia lilikuwa 78,000, na kununua 138 kungegharimu 10,764,000. Tofauti ya shilingi 3,174,000 ingekuwa faida yake kwa kuuza mali ya amana. Mzee mwingine, wa msikitini, aliyekuwepo kama shahidi, alikumbusha mgawanyo wa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, ambao watu wa pwani wanaujua: kuna mali ya mithili na kuna mali ya kima. Aliyechukua mali ya mithili bila haki, kama nafaka ya kupimwa, hurudisha mfano wake, pishi kwa pishi. Mfano usipokuwepo, ndipo kima, yaani thamani, huingia. Wote walikubali kipimo hicho, hata wasio Waislamu, kwa sababu kiliendana na walivyozoea kukopeshana vijijini. Deni likawekwa kwa magunia: Mzee 28, Mama 68.5, Kikundi 41.5.

Matokeo

Mgao wa 450 ulikamilika kwa siku moja. Bambo, chuma cha kuchotea sampuli, lilichomwa kwenye gunia moja kati ya kila kumi, sampuli zikamwagwa kwenye sinia, kila upande ukaridhika kwamba ni mahindi ya hali moja. Mnunuzi alipakia 200 kwa bei aliyolipa mwanzo. Mama alibaki na 24 na hasira kidogo.

Mwenye ghala alirudisha magunia 90 ndani ya wiki tano, akianza na 28 za Mzee. Zilizobaki 48 alizilipa kwa fedha, kwa bei ya soko ya siku ya kila malipo, na malipo ya mwisho yalichelewa miezi minne. Ghala lilipoteza wateja msimu uliofuata.

Zile gunia nne za mbegu zilikuwa jambo la peke yake, nitalirudia.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindikana

Kufuli mbili ziliokoa kila kitu. Kisheria si kitu cha ajabu, lakini kwenye mali iliyochanganyika anayewahi ndiye anayeonekana mwenye haki, na lori likishaondoka hakuna anayerudisha.

Kulipa deni kwa magunia lilikuwa chaguo sahihi. Mahakama ingeweza kufika kwenye fedha, na wakili wa mwenye ghala angesisitiza thamani ya siku ya kuuza. Kwa watu waliokusudia kuyala au kuyauza baadaye, kurudishiwa fedha za bei ya zamani ni kunyang'anywa kupanda kwa bei walikokuwa wakikungojea. Udhaifu wake ni kwamba tulimtegemea mdaiwa aende kununua, na hatukumwekea tarehe ya kila awamu. Kosa hilo ni langu.

Nilichokiona kizito zaidi ni karatasi ile ya neno moja. Watu hudhani mahindi ni mahindi kwa asili yake, kwamba gunia lolote linaweza kusimama badala ya lingine. Haiko hivyo. Gunia linasimama badala ya lingine pale tu watu wamekubaliana aina, daraja na kipimo. Ndiyo kazi ya viwango: kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5 na sumukuvu jumla isizidi sehemu 10 katika bilioni. Mahindi ya Mama yenye joto na ya Mzee makavu hayakuwa mithili siku yalipopokelewa. Yalifanywa mithili na jua la siku tatu, na gharama yake ikatafuta mwenyewe. Kama kipima unyevu kingesoma na kalamu ikaandika, chupa ya chumvi isingehitajika.

Kwenye ghala lenye leseni chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, stakabadhi hutaja aina, kiasi na ubora wa mzigo. Mizigo ya aina na daraja moja yaweza kuhifadhiwa pamoja, na mwenye stakabadhi hupewa kiasi chake cha daraja lile badala ya punje zake. Wakulima wa korosho wa kusini wanaufahamu mfumo huo tangu msimu wa 2007/08, na Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2019. Kuchanganya kwenyewe, basi, si kosa. Kosa ni kuchanganya bila ruhusa, na bila kumbukumbu ya nani ameingiza nini.

Na kuchanganya hakumpi mwenye ghala ruhusa ya kutumia. Hapa ndipo alipojidanganya kwa mfano wa benki. Aliniambia: “Mbona benki inachukua fedha zangu inamkopesha mwingine, nikizitaka inanipa nyingine?” Ni hoja ya kweli, inastahili jibu. Tangu kesi ya Foley dhidi ya Hill ya mwaka 1848 inafahamika kwamba fedha ukiiweka benki inakuwa ya benki, na wewe unabaki mdai. Umeikopesha. Lakini waliopeleka mahindi kwake walilipa kodi ya kuhifadhiwa. Ungelikuwa mkopo, yeye ndiye angetakiwa kuwalipa. Kodi ile ndiyo ushahidi kwamba ilikuwa amana. Kwa hiyo mali iliyochanganywa ilibaki ya walioiweka, na yeye hakuwa na punje ya kuuza.

Kwa Mnunuzi somo ni la vitendo. Kabla hujalipa yote, mtume mtu ahesabu 200, ayapange ukuta wa pili, ayashone kwa uzi wa rangi yako kwa shazia, na mwenye ghala aandike kwamba anayashika kwa niaba yako. Nusu siku ya kazi. Mama angefilisika, nusu siku hiyo ndiyo ingekuwa tofauti kati ya kuwa na mahindi na kuwa na risiti.

Narudi kwenye mbegu. Mwenye ghala aliamini kabisa kwamba kwa kumrudishia Mzee magunia yote atakuwa amemaliza, kwa sababu mzani ungesoma vilevile. Lakini magunia manne yale yaliwekwa ili yapandwe. Kwa msagishaji yalikuwa mithili ya mengine, kwa Mzee hayakuwa na mfano sokoni. Punje ileile inahama kutoka kundi moja kwenda jingine kwa matumizi yake. Hapo tuliamua kwa kima: mwenye ghala alimlipa Mzee tofauti kati ya bei ya gunia la kula na bei ya mbegu dukani kwa uzito uleule. Mzee alipokea, lakini hakufurahi, maana mbegu ya dukani si ile.

Alichokifanya baadaye hakikuwa kwenye makubaliano yetu. Misimu miwili nyuma aliwahi kumkopesha jirani yake debe moja la mbegu ileile, na hakuwahi kulidai. Jirani aliposikia yaliyotokea alipanda kwenye dari, akashusha mahindi yaliyoning'inizwa juu ya moshi wa jikoni, akayapukuchua na kumpelekea debe moja.